Karagwe na Chakula Chake



Naomba nafasi katika gazeti letu la mwezi, nipate kuwajibu vijana wawili wa kanisa letu hapa Rabai, na pamoja nao wote wanaojitayarisha kwenda kufundisha katika nchi isiyo yao. Vijana hawa wamekubaliwa kwenda kujitolea mwaka mzima. Walinijia jioni moja wakaniuliza, "Mwalimu, tuchukue nini?" Nalidhani wataka habari za nguo, vitabu na dawa ya homa. Kumbe mawazo yao yalikuwa juu ya unga. Mmoja akasema, "Mama hataki niende pasipo unga wetu, maana huko hatujui watu wanakula nini."

Nalicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa mimi nami nalikwenda na unga. Basi habari ya unga ule ndiyo nitakayowasimulia, wapate kuchagua wenyewe.

SAFARI

Mwaka 2013 nalikwenda kufundisha hesabu katika shule moja ya kanisa magharibi ya Tanzania, katika nchi ya Karagwe. Mama yangu alipima kilo kumi za unga wa mahindi, akautia katika mfuko wa kitambaa, akaushona mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Nikauweka chini ya sanduku, chini hata ya Biblia yangu. Na jambo hilo peke yake lingalinionya.

Kutoka Mombasa nalipanda basi hata Nairobi, na kutoka Nairobi hata Kampala. Toka Kampala njia yashuka kusini kwa Masaka mpaka Mutukula, ndipo penye mpaka wa Uganda na Tanzania. Mbele yake ni Kyaka, penye daraja la mto Kagera, ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja katika vita ya mwaka 1978. Ukiisha kuvuka mto wageuka kwenda magharibi, na njia yaanza kupanda milima. Ndipo nilipoona Bugene, na Kayanga, ulio mji mkuu wa wilaya ya Karagwe, na njia panda ya Omurushaka, wanapopandia magari watu wa Nkwenda, Isingiro, Kaisho na Murongo.

Zamani nchi hii yote ilikuwa wilaya moja, yaani Karagwe. Mwaka 2012 sehemu ya kaskazini na magharibi ilikatwa ikawa wilaya ya Kyerwa. Kwa upande wa machweo mto Kagera ndio mpaka wao na Rwanda, na kwa kaskazini wapakana na Uganda. Wenyeji wa asili ni Wanyambo, na lugha yao ni Kinyambo; lakini Wahaya na watu wa makabila mengine wamekaa kati yao siku nyingi. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde, yenye baridi kuliko pwani. Asubuhi ukungu hulala bondeni kama maziwa katika bakuli, na juu ya ukungu huo huonekana vichwa vya migomba, mgomba juu ya mgomba, hata macho yachoke.

Nalipoiona migomba ile toka dirishani nalisema moyoni, "Watu hawa wana matunda mengi sana." Sikujua ya kuwa naangalia chakula.

JIONI YA KWANZA

Nalipewa chumba katika nyumba ya mama mmoja, mjane wa mwinjilisti, katika kijiji kilicho upande wa Nkwenda. Alikuwa na watoto watatu, na mdogo wao alikuwa wa miaka saba. Mimi nalimwita Mama, naye aliniita Mwalimu.

Jioni binti wake mkubwa alipiga magoti mbele yangu, kama ilivyo desturi ya huko, akaninawisha mikono. Mama akatandaza jani la mgomba juu ya mkeka, akapindua sufuria juu yake. Mvuke ukajaa chumba. Zilikuwa ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa pamoja na maharage, laini, rangi yake ya manjano, zina harufu ya kitunguu na samli. Tukaomba, tukaanza kula.

Mimi nalikula kidogo, nikangoja. Nalijiambia, "Hizi ni za kufungulia tumbo, chakula chaja." Nikala maharage, nikaziacha ndizi kando. Walakini hakikuja kitu kingine. Watoto wakamaliza, wakanawa, wakashukuru, na jani likatolewa nje kwa ndama.

Msomaji mpenzi, usinicheke. Kwetu Rabai ndizi twazijua. Zikiwa mbichi twazipika kwa nazi, zikiwa mbivu twazitafuna njiani. Lakini nani kwetu aliyekula ndizi akasema amekula? Pasipo sima au wali, mtu wa kwetu hulala akijihesabu kuwa na njaa. Na kwa Wanyambo ni vivyo hivyo, ila ni kinyume. Mtu akila ugali, na wali, na mkate, lakini hajala ndizi, huambiwa bado hajala. Ugali wao waujua vizuri, lakini wauhesabu kuwa chakula cha shule na cha mwaka wa njaa.

KOSA LANGU

Siku ya tatu nalikwenda soko la Omurushaka, nikanunua jiko dogo la makaa na sufuria. Nikaufungua mfuko wa mama yangu. Tangu siku ile, nilipotoka shule, nalifunga mlango wa chumba changu, nikasonga sima yangu, nikaila na dagaa. Jioni nalikaa mkekani pamoja na wengine, nikadonoa ndizi mbili tatu kwa adabu, nikasema nimeshiba. Hivyo ndivyo nilivyofanya majuma mawili. Naliona nimetenda kwa busara, maana sikumsumbua mtu.

Hata siku moja mwalimu mwenzangu, mzee mwenyeji wa pale, aliniita chini ya mti. Akasema, "Ndugu yangu, mama wa nyumba yako alikuja kwangu jana. Aniuliza kama amekukosea neno."

Nikamwambia, "Hata kidogo. Mama yule ni mwema sana."

Akasema, "Mtoto wake mdogo amekwenda akiwaambia majirani ya kuwa mwalimu hajala tangu afike. Na majirani wamwuliza mama kwa nini mgeni wake ajipikia. Wewe ulipofunga mlango, umeutangazia mtaa wote ya kuwa nyumba ya mjane haina chakula."

Neno lile lilinichoma. Mimi nalikuwa nimetoka mbali kuja kuwasaidia watu, nami tayari nimemwaibisha yule aliyenikaribisha. Nikakumbuka jinsi Bwana wetu alivyowatuma wale sabini, katika Injili ya Luka mlango wa kumi. Hakuwaagiza kuchukua mkoba. Aliwaambia wakae katika nyumba iwapokeayo, wale vile watakavyoandaliwa. Nalilisoma neno hilo mara nyingi, nikidhani ni habari ya kuwapunguzia mzigo wasafiri. Sikutambua ya kuwa ni habari ya heshima ya mwenye nyumba.

Jioni nalimwendea nikasema, "Mama, naomba radhi."

Akanijibu polepole, "Mwalimu, unga si dhambi. Kila mtu ana chakula cha kwao. Ila ule mlango uliofungwa wakati wa kula, huo ndio ulioniumiza." Kisha akatabasamu, akasema, "Kesho ni Jumamosi. Njoo shambani, uone chakula chetu kinavyozaliwa." Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nalipewa langu siku ya kumi na saba.

SHAMBA LA NYUMBANI

Shamba la migomba huko huitwa kibanja, nalo huizunguka nyumba pande zote, hata nyumba yenyewe haionekani toka njiani. Ndani yake migomba haikai peke yake. Chini yake kuna mibuni ya kahawa, na kati ya mibuni yamo maharage, na pembeni maboga, na huku na huku mti wa parachichi au wa mpera. Ardhi haiachwi wazi. Hutandikwa nyasi kavu na majani ya migomba, yapate kuishika mvua na kuoza kuwa mbolea. Mwenye ng'ombe hutia samadi. Mama aliniambia kibanja kisichotandikwa chamtangaza mwenye nyumba kuwa mvivu kabla hajafunua kinywa.

Kila shina lina mgomba mkubwa wenye mkungu, na ubavuni pake wa pili, na chini yake mche mdogo. Miche mingine yote hukatwa. Mama akanionyesha kwa ncha ya kisu. "Huyu ni mama," akasema, "huyu ni binti, na huyu ni mjukuu. Mama akiisha kuzaa hukatwa, binti ashika nafasi yake, na mjukuu ainuka." Kwa hiyo kibanja kikitunzwa chaweza kuwalisha watu wa nyumba moja miaka mingi sana, baba na mwana na mwana wa mwana, pasipo kupandwa upya. Ndiyo sababu huko mtu hahesabu shamba lake kuwa mali tu. Ni urithi wa wazee wake.

Tena ndizi si za namna moja. Ziko za kupika, ambazo ndizo wazipendazo kuliko zote. Ziko za kuchoma, ndefu na ngumu. Ziko ndogo za kula mbivu, tamu kama asali. Na ziko za kukamua maji. Wataalamu watuambia ya kuwa asili ya migomba ni nchi za mbali za Asia, upande wa kusini na mashariki, lakini namna hizi za kupika zimekaa katika nchi za maziwa makuu muda mrefu hata zikawa jamaa yao wenyewe. Basi hata mgomba ulikuja mgeni, nao ukapokewa.

JINSI YA KUPIKA

Akina mama wasomao habari hizi watapenda kujua namna ya kupika, nami naieleza kama nilivyofundishwa.

Maharage hupikwa kwanza peke yake, mpaka yakaribie kuiva. Wakati huo ndizi humenywa kwa kisu. Hapa mgeni hujulikana mara, kwa sababu utomvu humshika mikono ikawa myeusi siku mbili. Mwenyeji hupaka mafuta kwanza. Kila ndizi ikiisha kumenywa hutiwa majini, isigeuke rangi. Kisha ndizi huwekwa juu ya maharage, hutiwa chumvi, kitunguu, na pengine nyanya chungu, na maji ya kutosha. Juu yake hufunikwa jani la mgomba lililolainishwa motoni, likashindiliwa kando kando, mvuke usipotee. Moto uwe wa wastani. Zikiwa karibu kuiva hutiwa samli au mafuta. Haifai kukoroga sana. Mpishi hutambua kwa harufu, wala hafunui funui.

Wala tusidhani ni chakula kinyonge. Ndizi zina nguvu ya kufanyia kazi, lakini peke yake zina upungufu wa kile kiujengacho mwili. Nayo maharage yana hicho kwa wingi. Wazee wa Karagwe walivipika viwili hivi katika chungu kimoja kabla ya daktari yeyote kuwaeleza sababu. Mimi mwenyewe, nilipoacha kudonoa nikaanza kula, nalifundisha toka asubuhi hata alasiri nisione njaa.

VYAKULA VINGINE

Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa kubwa, naliamshwa usiku na kelele za furaha. Watoto walikuwa wakikimbia chini ya taa wakiokota wadudu wa kijani. Hawa ndio senene. Ni jamaa ya panzi, nao huja kwa makundi mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua za vuli na wakati wa masika. Hutolewa mbawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na huliwa kwa chumvi. Wazee husimulia ya kuwa zamani wanawake waliwaokota na kuwatayarisha, lakini waliowala ni wanaume. Siku hizi nyumba nyingi hula wote pamoja, nami nalifurahi kumwona Mama akijaza kiganja chake kwanza.

Mimi nalisita. Ndipo yule mtoto wa miaka saba aliponiuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, Yohana Mbatizaji alikula nini?" Nikajibu, "Nzige na asali ya mwitu." Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Hata Musa katika Mambo ya Walawi aliruhusu nzige na panzi. Nikala mmoja, nikala wa pili, na baada ya hapo sikuhesabu. Ladha yake yanikumbusha karanga zilizokaangwa, tena zenye mafuta.

Katika nchi ya malisho wako ng'ombe wenye pembe ndefu sana, na wafugaji hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa nyasi, maziwa yapate kukaa na kuwa na harufu nzuri. Mgeni huyadhani yameungua. Akizoea, mengine yote humpwaya.

Habari ya kahawa yanishangaza mpaka leo. Sisi pwani twaijua kahawa ya kikombe. Huko kahawa ya wazee ni ya kutafuna: buni huchumwa mbichi, huchemshwa na majani ya harufu, hukaushwa, na mgeni huletewa chache katika kikapu kidogo. Zamani za wazee watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walitwaa buni mbili za tunda moja, wakazitia damu yao, wakalishana. Tangu hapo hapakuwa na mmoja kumnyima mwenzake chakula wala malazi. Kanisa limeiacha damu ile, maana imekwisha kumwagika Damu moja kwa ajili ya wote. Lakini buni ingali ikitolewa mlangoni, nami kila niliipokea nalijua naambiwa, "Wewe si mtu wa nje."

Iko na pombe ya ndizi, iitwayo rubisi, nayo imezivunja nyumba nyingi, kama tembo la mnazi lilivyozivunja kwetu. Mama hakuipika. Alikamua maji ya ndizi mbivu, akatunywesha siku ile ile yangali matamu, hayajachachuka. Naona ni mfano mwema kwa nyumba zetu za pwani, tujue kumkaribisha mgeni bila kumlevya.

MGENI WA ZAMANI

Mimi si mgeni wa kwanza kulishwa Karagwe. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika wakitafuta chanzo cha mto Naili. Wafalme wengine njiani walikuwa wamewatoza mali nyingi. Rumanyika aliwapokea kwa upole, na Speke mwenyewe alimsifu katika kitabu chake. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda. Lakini Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, hakuweza kutembea, akaachwa Karagwe mpaka mwezi wa Aprili. Miezi ile yote msafiri yule, aliyekuja kuichunguza nchi, alikuwa mgonjwa aliyetunzwa na wenye nchi.

Vitabu vya shule vyakumbuka ziwa na mto. Mimi nalipokaa kule nalizidi kuwawazia wale waliompelekea Grant chakula kila siku, ambao majina yao hatuyajui. Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mara nyingi apona mgeni kwanza.

MWAKA WA MNYAUKO

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Migomba ya Kagera imepata maadui wengi. Wako fukusi wanaotoboa shina, na minyoo ya mizizi, na ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Katika miaka ya 1990 Serikali, kwa msaada wa Ubelgiji, ilianza kuwagawia wakulima miche ya namna mpya iliyotoka Honduras, iwezayo kuvumilia. Walakini adui mkali kuliko wote ni mnyauko. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa Kagera. Majani hunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, hii mbivu na hii mbichi katika mkungu mmoja, na ukizikata ndani zina madoa ya kahawia. Ukikata shina, hutoka usaha wa manjano. Hazifai kwa mtu wala kwa pombe. Wadudu huuchukua kutoka ua hata ua, na kisu huuchukua kutoka mgomba hata mgomba. Dawa ya kunywesha mgomba haipo.

Ulipoingia kibanja cha Mama, bwana shamba alikuja, akatufundisha la kufanya. Lile ua dume lining'inialo chini ya mkungu, mfano wa moyo, livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu. Kila kisu kichomwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Migomba yenye ugonjwa ing'olewe, na mahali pake pasipandwe migomba kwa miezi mingi.

Tuling'oa siku tatu. Mama, watoto, mimi, na majirani wawili. Mashina ambayo baba mkwe wake aliyapanda, mama na binti na mjukuu, yote yaling'olewa pamoja. Mama hakulia. Alisema neno moja tu, "Mume wangu alizikwa katika kibanja hiki akijua watoto wake watakula." Kisha akashika jembe tena.

Upande wa juu wa nyumba palisalia mashina machache mazima. Jumapili iliyofuata Mama aliukata mkungu wa kwanza uliokomaa huko. Nalidhani atauhifadhi kwa watoto, au atauuza apate ada ya shule. Akaupika wote. Akatandaza jani, akapindua sufuria, akanisogezea sehemu iliyo bora.

Nikasema, "Mama, wape watoto. Mimi nitajipikia."

Akanitazama kwa muda. "Utafunga mlango tena?" akauliza.

Nalikula. Sijapata kula chakula kizito kama kile, wala kitamu kama kile. Nalimkumbuka yule mjane wa Sarepta, aliyekuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu, na nabii akamwomba amfanyie yeye kwanza. Siku zote nalimfikiri nabii na ujasiri wake. Siku ile nalimfikiri mjane.

Baada ya chakula nalikwenda chumbani, nikaleta mfuko wa mama yangu. Zilibaki kilo sita, maana tangu siku ya radhi sikuufungua. Nikauweka mbele yake nikasema, "Huu nao ni mkungu wa kwetu." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku za kung'oa. Usiku wa Jumatatu nalisonga sima katika jiko lake, mlango ukiwa wazi, nikawaonyesha watoto namna ya kufinyanga tonge na kulibonyeza kwa kidole gumba. Yule mdogo alionja, akafikiri, akasema, "Chafaa. Lakini bado sijala." Tukacheka wote, na mama yake akamkanya, naye mwenyewe akicheka.

Miezi ile tulikula sima, viazi, muhogo na maharage yaliyopandwa mahali pa migomba. Kila ndizi ilipopatikana iligawanywa. Wala sikumbuki siku nilipojiona na njaa. Ndipo Mama alipoacha kuniita Mwalimu, akaniita mwanangu. Nami sikumwuliza sababu.

Mwaka wangu ulipokwisha, Mama alinifungia kifurushi cha buni za kutafuna, akaushona mdomo wa mfuko kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa ni ule mfuko wa mama yangu wa Rabai. Mama zangu hao wawili hawajaonana hata leo; lakini kila mmoja wao amekwisha kuushika ushono wa mwenzake.

Miezi ilipopita nalipata habari kwa barua ya yule mwalimu mwenzangu ya kuwa Mama amepanda tena, miche safi, upande wa chini.

NENO KWA VIJANA

Basi, wanangu mnaokwenda, mmeniuliza mchukue nini. Chukueni unga, kama mama zenu wataka, maana zawadi ya mama haikataliwi. Lakini usiufiche chini ya sanduku. Siku ile ya kwanza utoe mfuko, umpe mwenye nyumba mkononi, useme, "Hiki ni chakula cha kwetu, naomba unifundishe cha kwenu." Kisha keti mkekani, nawa mikono, ukale kile ulichoandaliwa.

Mtafundisha hesabu na kusoma, na kazi hiyo ni njema. Walakini wenyeji hawatawakumbuka sana kwa hesabu. Watauliza kwanza, "Je, alikula kwetu?" Nanyi walimu mliobaki nyumbani, na akina baba na akina mama, mkipokea mgeni wa mbali aketiye mezani penu akidonoa, msimdharau. Mpelekeni shambani. Pengine naye ana mlango ambao hajajua kuufungua.